Magugu maji yamerudi mwaloni baada ya kufyekwa: tununue dawa?

"Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni katibu wa BMU, kikundi cha jamii kinachosimamia uvuvi, ya mwalo mmoja mdogo wa kushushia samaki upande wa Sengerema, kwenye kighuba kinachoingia ndani kutoka Ghuba ya Mwanza. Magugu maji yametufunga. Tulitoka watu arobaini na mapanga, Jumamosi mbili mfululizo, tukafyeka mpaka njia ya mitumbwi ikafunguka. Wiki sita baadaye yamejaa kuliko mwanzo, sasa yanafika kama ekari mbili. Tumechanga shilingi milioni moja na laki mbili. Muuza pembejeo mmoja anatuambia tununue dawa ya kuua magugu ya shambani, tupulize mara moja tu yaishe. Wazee wanasema tuyaache, upepo utayapeleka. Vijana wamesikia kuna fukusi wanaokula gugu hili, lakini kina mama wanaogopa watahamia kwenye viazi. Maji ya kunywa tunachota hapo hapo na watoto wanaoga hapo. Halafu kuna gugu jingine dogo, lina manyoya juu ya jani, hatujawahi kuliona. Tufanye nini, na fedha hii tuitumie wapi?"

Marahaba, katibu. Nianze na fedha, maana muuza pembejeo anaweza kurudi kabla hamjakaa kikao: msinunue hiyo dawa. Sababu nitazieleza, na nitakuonyesha mahali ambapo fedha hiyo itafanya kazi. Ila kwanza nataka tuelewane kuhusu zile Jumamosi mbili. Najua mwaloni sasa kuna maneno, na watu wanasema nguvu zilipotea bure. Watu wenu hawakukosea kutoka. Kilichowaangusha ni panga, pamoja na ile wiki nzima iliyopita kati ya Jumamosi moja na nyingine.

Chukua mche mmoja wa gugu, uuweke mchangani, uuangalie kwa makini. Bua la jani limevimba kama kitunguu; likate uone, ndani ni sifongo iliyojaa hewa, na ndiyo inayolielesha. Chini kuna mizizi myeusi yenye rangi ya zambarau, laini kama unyoya. Pale majani na mizizi vinapokutana kuna kijungu kigumu chenye ukubwa wa kidole gumba. Huo ndio moyo wa gugu. Majani yote yakifyekwa, moyo ukibaki majini, baada ya siku chache unachomoza majani mapya. Sasa tazama pembeni: kutoka kwenye moyo huo inatoka kamba ya kijani, na mwisho wa kamba kuna mche mdogo, mtoto. Mtoto naye akikua anatoa kamba yake. Panga likipita hapo linamwachanisha mama na mtoto, kila mmoja anaelea na kwenda zake, tena sasa ana nafasi. Gugu lililobanana hukua taratibu. Mkilifyeka katikati na kuacha vipande vikielea, mnalipatia kile ambacho lilikuwa halina: nafasi na mwanga.

Kwenye maji ya joto yenye rutuba, kama ya ghuba zetu, gugu hili hujizidisha maradufu kwa muda wa kati ya wiki moja na mbili na nusu hivi. Tuchukue wiki mbili. Kipande cha mita za mraba 100, ambacho hakuna anayekijali, baada ya wiki 14 kinapita ekari tatu. Na ukiondoa nusu ya gugu, wiki mbili tu limerudi pale pale. Ukiondoa sehemu tisa kati ya kumi, umejinunulia wiki sita na kitu. Wewe umeandika "wiki sita baadaye". Hesabu imekaa sawasawa na mlichokiona, kwa hiyo hakuna uchawi hapo wala hakuna mtu aliyewarudishia gugu usiku.

Sasa tuipeleke hesabu kwenye nguvu zenu. Mita moja ya mraba ya gugu lililoshikana ina uzito wa kilo 30 hivi, na lililokomaa sana hufika 40. Tuseme kila mtu anatoa kilo 300 kwa asubuhi moja, na hiyo ni kazi ya kuvunja mgongo. Watu arobaini watatoa tani 12, yaani mita za mraba kama 400. Lakini gugu linalojizidisha maradufu kwa wiki mbili huongezeka kwa asilimia tano hivi kila siku. Kwenye ekari mbili, asilimia tano ni mita zilezile 400. Mnatoa 400, linaota 400. Hata mkifanya kazi kila siku, mtakuwa mnakimbia mahali pamoja. Hii ni hesabu ya kukadiria, kwa sababu katikati ya zulia zito ukuaji hupungua, lakini inatosha kuonyesha mpaka wenu uko wapi. Nusu ekari, kwa watu haohao arobaini wakienda mfululizo, inaisha kwa siku sita. Ekari mbili haziishi. Kwa hiyo swali la kikao liwe ni nusu ekari ipi tuishughulikie kwanza, na tuizibe vipi isijae tena.

Turudi kwenye dawa. Viuagugu vya shambani vinaweza kuliua gugu maji, nisikufiche. Kwingine duniani vimetumika, na ukipuliza utaliona linakauka. Shida inaanza hapo linapokauka. Tani zaidi ya mia mbili za majani zitazama kwa pamoja kwenye kighuba kisicho na mkondo na kuanza kuoza, na uozo unakula hewa iliyomo majini. Sato na furu wanakufa kwanza. Rutuba yote ambayo gugu lilikuwa limeifyonza inarudi majini, tayari kulisha kizazi kijacho. Na kizazi hicho kipo. Mbegu za gugu hili hukaa hai kwenye tope kwa miaka 15, hata 20, zikisubiri mwanga ufike chini. Zulia likiondoka kwa ghafla, kina kifupi cha pembeni kinaota vichipukizi kama shamba la mchicha. Muuza pembejeo akisema "mara moja tu", ama hajui habari ya mbegu au hataki mzijue.

Halafu kuna maji ya kunywa. Dawa iliyosajiliwa kwa ajili ya shamba la mahindi haijasajiliwa kwa ajili ya mahali mnapochota maji, na baadhi huchanganywa na vitu vya kuifanya ishike kwenye majani ambavyo ni vikali kwa samaki hata kuliko dawa yenyewe. Kupuliza sumu ziwani bila kibali ni kosa la kisheria, na BMU ndiyo itakayoshikwa, maana ndiyo inayosimamia mwalo. Wavuvi wakongwe watakumbuka pia mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria baada ya kubainika kuwa kuna watu wanavua kwa sumu. Nchi zote tatu ziliumia, hata wavuvi ambao hawakuwahi kushika chupa ya sumu.

Wazee wana sehemu ya ukweli. Upepo huyapeleka magugu kweli, na ninyi mnaujua upepo wenu kuliko mimi. Ila upepo unachukua lile zulia lililo huru. Lililojishikiza kwenye matete na lile lililo kwenye kina kifupi linabaki kuwa mbegu ya msimu ujao. Na upepo uliolitoa kwenu unalishusha kwa jirani, kisha ukigeuka unalirudisha. Nasaha yangu ni kuutumia upepo kama mfanyakazi wa ziada: siku unaposukuma zulia kuelekea ufukwe wenu, hiyo ndiyo siku ya kutoa. Unaposukuma kutoka, zibeni mlango.

Kuhusu fukusi, wape kina mama heshima yao, kwa sababu hofu ile ina msingi. Fukusi wa viazi wamewamalizia mashamba, kwa hiyo wakisikia jina hilo lazima washtuke. Lakini hawa ni wengine kabisa. Fukusi wa gugu maji alitoka Amerika ya Kusini, kwenye asili ya gugu lenyewe, na amefungwa na chakula kimoja. Alijaribiwa kwa mazao mengi kabla ya kuachiwa, na ameshaachiwa katika nchi zaidi ya 30. Akikosa gugu, hufa njaa. Na jambo ambalo pengine vijana hawalijui ni kwamba tayari yumo ziwani. Gugu lilionekana Ziwa Victoria karibu na mwaka 1989, likishuka pia kwa Mto Kagera, na kufikia 1998 lilikuwa limefunika takriban hekta 20,000 za ziwa lote. Uganda ilianza kuachia fukusi mwaka 1995, Tanzania na Kenya nazo zikaachia katika miaka hiyohiyo. Kati ya 1998 na 2000 sehemu kubwa ya gugu ikazama. Wataalamu hadi leo wanabishana ni kiasi gani cha sifa kiende kwa fukusi na kiasi gani kwa mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilizovuruga ziwa. Kwa maoni yangu vyote viwili vilishirikiana: fukusi walilidhoofisha, mawimbi yakalivunja.

Ubaya wa fukusi ni mwendo wake. Kutoka yai hadi mdudu mzima ni miezi miwili hadi mitatu, na kulishinda zulia zima huchukua miaka miwili hadi mitano. Ukimtegemea yeye peke yake, mitumbwi yenu itaozea nchi kavu. Ukimwua kwa dawa, au ukitoa gugu lote alilomo, unaanza upya bila msaidizi. Kwa hiyo achieni kona moja, ile iliyo mbali na njia ya mitumbwi na mahali pa kuchota maji, iwe makazi yake. Mnapotoa gugu sehemu nyingine mkaona mche wenye majani yaliyoliwa sana, utupeni kwenye kona hiyo badala ya kuupandisha ufukweni. Lakini usivuke na mche hata mmoja kwenda ziwa jingine, bwawa au lambo la mifugo. Ndivyo gugu linavyosafiri.

Gugu dogo lenye manyoya limenitia wasiwasi kuliko mengine yote. Lishike mkononi. Kama majani yamepangwa mawili mawili kwenye kijiti, yakijikunja yanapobanana, na vinyweleo vya juu vinagawanyika kisha kuungana tena nchani kama kichapio cha mayai, hilo ni salvinia. Ukilimwagia maji hayashiki, yanateleza. Hicho kinachoning'inia chini kama mizizi ni jani la tatu lililobadilika umbo. Mapema mwaka 2025 gugu la aina hiyo lilikwamisha vivuko pale Kigongo na Busisi, kabla daraja halijafunguliwa Juni ya mwaka huo, kwa hiyo si ajabu kulikuta kwenu. Katika hali nzuri hujizidisha maradufu kwa chini ya wiki moja. Fukusi wa gugu maji haligusi. Salvinia ina fukusi wake, mdogo zaidi, ambaye aliiondoa kwenye Ziwa Naivasha, Kenya, miaka ya 1990. Afadhali moja ni kwamba salvinia ya aina hii haitoi mbegu, na ukiikusanya yote umeimaliza kweli. Kama bado ni viraka, ianzeni hiyo leo, kabla ya gugu kubwa. Chukueni kwa chandarua au kapu lenye matundu madogo, kwa sababu kijiti kimoja kikidondoka kinatosha kuanzisha upya.

Basi kazi yenyewe. Chagueni nusu ekari: njia ya mitumbwi, sehemu ya kushushia samaki na mahali pa kuchota maji. Kabla ya kutoa mche mmoja, izungushieni kizuizi. Hapa ndipo fedha iende. Kamba nene, madumu ya plastiki ya lita 20 yaliyofungwa vizuri yakiwa maboya, na wavu wa plastiki wa uzio unaoning'inia sentimita 30 hadi 50 chini ya maji, ukiwa na mawe ya kuuvuta. Msitumie nyavu kuukuu za samaki. Zitaua samaki bila mvuvi, na mtoto anaweza kunaswa. Acheni mlango wa mitumbwi unaofungwa kwa kamba. Fedha inayobaki ni ya mabuti marefu, glavu, reki zenye mpini mrefu, mafuta ya injini ya kuvutia zulia, na chakula cha watu, maana siku sita mfululizo bila uji na chai hazifiki.

Panga lina kazi moja tu: kukata zulia vipande mnavyoweza kuvivuta, kisha kila kipande kitoke kizima, moyo na mizizi yake. Anzeni upande wa mlango mje ndani, ili kinachokatika kisikimbie. Tumieni mtumbwi kadiri inavyowezekana. Chini ya zulia huoni kiboko, mamba wala nyoka, na konokono wanaobeba kichocho hupenda sana kujishikiza kwenye mizizi ile. Watoto wasiingie kabisa, hata kama wana hamu ya kusaidia. Niliwahi kufika kwenye mwalo mmoja ambako wanafunzi walipangwa mstari kiunoni mwa maji kupokezana magugu, na kila mtu alifurahi kuona kazi inakwenda. Mpaka leo nikikumbuka natamani ningefika saa mbili mapema.

Mkimaliza, kazi inageuka kuwa ndogo lakini haina mwisho. Watu wawili wa zamu, kila baada ya siku tatu au nne, wazunguke na mtumbwi ndani ya kizuizi na kuokota kila kinachoelea. Wapite na pembeni kabisa, kwenye tope, wang'oe vichipukizi vya mbegu vikiwa na majani mawili au matatu. Ndoo moja kwa zamu. Ukiruka wiki tatu, unaita tena watu arobaini. Kwa sababu ya mbegu zile siwezi kukuahidi kwamba gugu litaisha, na anayekuahidi hivyo usimpe fedha yenu. Ninachoweza kukuahidi ni kwamba eneo dogo linaloangaliwa kila wiki hukaa wazi.

Kilichotolewa kipandishwe juu, kupita alama ya maji ya 2020 na 2024, miaka ambayo ziwa lilipanda mno. Mkiliacha ufukweni, mvua kubwa ya kwanza inalirudisha. Likinyauka juani siku chache, lichanganyeni na samadi na majivu, mligeuze kila baada ya wiki mbili, na ndani ya miezi mitatu hivi mtakuwa na mboji nzuri ya bustani. Watakuja pia watu na habari za mkaa, biogesi, mikeka na viti vya magugu. Kisumu wapo mafundi wanaosuka vitu vizuri sana, siwakatishi tamaa. Ila jueni kwamba gugu ni maji karibu asilimia 95: tani moja bichi ikikauka inabaki kilo 50 hivi. Biashara hiyo inaweza kumpa mama mmoja au wawili kipato, lakini haitafungua kighuba, na msiihesabu kama njia ya kudhibiti.

Labda umejiuliza kwa nini kwenu na si katikati ya ziwa. Kighuba kimetulia, na kinapokea kila kitu kinachotoka juu: udongo wa mashamba yaliyolimwa mpaka ukingoni, kinyesi cha ng'ombe wanaonyweshwa mwaloni, maji ya vyoo, na mabaki ya samaki mnaowaparua hapohapo. Nitrojeni na fosforasi zilizomo humo ndiyo mbolea ya gugu. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka shughuli za kibinadamu zikae mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na najua jinsi ilivyo vigumu kumwambia hivyo jirani mwenye bustani ya nyanya. Anzeni na lililo mikononi mwa BMU: mabaki ya samaki yafukiwe mbali, ng'ombe wapelekewe maji kwenye birika la kunyweshea pembeni, na matete na mafunjo yaliyopo yasichomwe wala kung'olewa pamoja na gugu, kwa sababu yanachuja maji kabla hayajafika kwenu. Msiyachanganye haya na adui. Na kama kuna mvuvi anayetaka gugu libaki kwa sababu anapata kambale na kamongo wengi chini yake, ni kweli anawapata. Hao wanaweza kuvuta hewa ya juu, ndiyo maana wamebaki. Sato ameondoka kwa kukosa hewa.

Yako mambo ambayo barua haiwezi kuyatatua. Salvinia, hata kiraka kimoja, ipelekeni kwa afisa uvuvi wa kata na kwa watafiti wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, pale Mwanza, ikiwa kwenye mfuko uliofungwa, mtu aione kwa macho. Ekari ile moja na nusu iliyobaki ni kubwa kuliko nguvu zenu. Andikeni kupitia kijiji kwenda Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria na NEMC kanda, yaani baraza la taifa la mazingira, mkieleza ukubwa wake na kwamba hapo ndipo mnapochota maji, na mkiomba pia wataalamu wa fukusi. Mkiona samaki wanaelea wamekufa au mkihisi harufu ya dawa, acheni kuchota siku hiyohiyo na mtoe taarifa. Maji ya kunywa yachemsheni kwa vyovyote. Na yeyote aliyeingia majini zile Jumamosi mbili, akiona damu kwenye choo, tumbo linalouma bila kuisha au uchovu usioelezeka, aende zahanati aseme wazi kwamba alikuwa kwenye magugu, apimwe kichocho. Tiba yake ipo.

Kabla ya kikao, nenda asubuhi ung'oe miche kumi kutoka sehemu tofauti. Inua jani la pili kutoka katikati, litazame dhidi ya mwanga. Ukiona vikovu vidogo vya rangi ya kahawia, vya milimita mbili hadi nne, kana kwamba mtu amekwangua kwa ukucha, huyo ni fukusi. Yeye mwenyewe, milimita tano tu, mchana hujificha chini kabisa kwenye jani changa lililojiviringisha. Hesabu vikovu kwa kila jani, uandike namba kumi, unitumie pamoja na mahali ulipotoa kila mche. Nikiziona nitakuambia kona ipi muiache.